Pawasoo ya marehemu baba imelala stoo tangu 2014: inafufuka?

"Fundi, shikamoo. Marehemu baba alikuwa mpasuaji mbao, akiwapelekea mafundi wa majahazi hapa Matondoni miti ya mataruma (mbavu za jahazi). Ametuachia pawasoo yake, Stihl 070, ambayo haijawashwa tangu 2014. Ilikuwa stoo, hatua chache kutoka pwani, na petroli ndani. Nimevuta kamba, haisogei hata kidogo. Jirani anayetengeneza pikipiki ameniambia nitie mafuta ya breki kwenye tundu la plagi, yalale usiku mmoja, kisha tuvute watu wawili. Tuna miembe miwili iliyoanguka shambani Hindi na ningependa ikatwe kwa mashine ya baba. Inafufuka, au niwape wanunuzi wa vyuma chakavu?" (Msomaji, Matondoni, Lamu)

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu baba yako. Kamba hiyo iache kwanza. Usiivute tena, wala msiivute wawili, mpaka tujue kilichoshika ni kitu gani.

Nalitanguliza hili kwa sababu nimeona pawasoo nzuri zikiuawa siku ile ile ya kufufuliwa. Mashine iliyolala karibu na bahari mara nyingi haijachakaa. Imeliwa na chumvi ya hewani, na imezibwa na petroli iliyosahaulika tankini, na maradhi yote mawili yana dawa. Lisilo na dawa nyepesi ni ringi iliyoshikwa na kutu ikavunjwa kwa nguvu za watu wawili, kipande chake kikachora silinda toka juu hadi chini. Miaka yote ya stoo haikufanya hivyo, lakini mvuto mmoja unaweza. Na mafuta ya breki usiyatie. Yanavuta unyevu na yanabambua rangi, nawe unyevu ulio nao ndani unatosha.

Kwanza tuhakikishe kwamba injini kweli ndiyo iliyokwama. Kamba ikikataa kusogea, washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni kamba yenyewe na springi yake, ambayo huliwa na kutu ndani ya kifuniko. Wa pili, na huyu watu humsahau, ni mnyororo. Klachi ya pawasoo hushika injini inapokimbia na huachia inapotulia. Lakini ikikaa miaka kwenye unyevu, viatu vya klachi hugandana na ngoma yake kwa kutu, na mnyororo nao hugandana na lile bapa la chuma linaloubeba. Hapo ukivuta kamba unataka kuzungusha vyote kwa pamoja, na hakuna kinachokubali. Wa tatu ndiye tunayemwogopa, pistoni. Niliwahi kuletewa Mokowe mashine kutoka upande wa Witu ambayo mwenyewe alikwisha kuilia, akiamini injini imeganda. Nilipotoa mnyororo tu, ikazunguka kwa vidole viwili.

Kwa hiyo chomoa waya wa plagi, kisha toa plagi. Fungua kifuniko cha pembeni, toa mnyororo na bapa. Geuka upande wa pili, fungua skrubu za kifuniko cha kamba, kitoke chote. Sasa gurudumu la sumaku liko wazi mbele yako. Lishike kwa mikono miwili ulisukume taratibu, mbele na nyuma, bila pupa. Likisogea hata upana wa ukucha, kazi imeanza vizuri.

Likikataa, changanya dizeli na oili ya gia za otomatiki nusu kwa nusu, utie kama vijiko viwili vya chai kupitia tundu la plagi. Ilaze mashine ili mafuta yaenee kuizunguka pistoni, uifunike, uende ukafanye shughuli nyingine. Kila siku ijaribu kwa mikono tu, mbele na nyuma. Siku ya nne, siku ya saba, hata wiki mbili, si hasara. Usiligonge gurudumu kwa nyundo, maana mapezi yake ya kupuliza upepo ni ya alumini na huvunjika kama kigae. Wala usiingize bisibisi kwenye tundu la plagi kuisukuma pistoni.

Likishakubali, au hata kabla halijakubali, kuna jambo moja ambalo lazima lifanyike kabla hujatoa shilingi yoyote mfukoni: fungua eksozi uitazame pistoni. Ni bolti chache tu. (Ukiifungua itazame na eksozi yenyewe, kwa maana nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na kiota kimoja kinatosha kuifanya injini isiwake.) Kupitia tundu la eksozi utaona ubavu wa pistoni na ringi zake. Leta tochi. Ubavu mzuri ni wa kijivu, laini, pengine na mistari myembamba ya kiwandani inayoizunguka pistoni kwa mlalo. Ukiona mikwaruzo ya wima, alumini imechubuka na kupakazwa, mashine hii haikulala ikiwa nzima. Ilizimika kwa joto, na huenda ndiyo sababu baba aliiweka. Kisha toa kabureta utazame upande wa pili, kwa sababu pistoni inaweza kuwa safi mbele na imeungua nyuma. Sukuma ringi kidogo kwa kijiti cha mti, si kwa chuma. Ikibonyea na kurudi, iko hai.

Kama silinda imekwaruzika, hapo ndipo ushauri wa fundi wa pikipiki unapoishia. Silinda ya pikipiki huchongwa ikatiwa pistoni kubwa zaidi. Silinda za pawasoo nyingi zimepakwa ganda gumu sana kwa ndani, jembamba, na ukilichonga umelimaliza. Tiba ni silinda na pistoni mpya pamoja. Kwa bahati 070 ni mashine ambayo spea zake hazijapotea. Zimeigwa na viwanda vingi, na Mombasa utazipata, zinafika Mokowe kwa basi. Zile za kuigwa zikague kabla ya kulipa: pitisha kidole kwenye kingo za matundu ya silinda, na penye ukali pasuguliwe kwa msasa laini, la sivyo ringi zitakatika.

Tuje kwenye chumvi, maana wewe ni mtu wa Matondoni na huwezi kuikimbia. Bodi ya injini ya pawasoo hizi ni ya magnesiamu. Ni nyepesi kuliko alumini, ndiyo maana hutumiwa, lakini haipatani na bahari hata kidogo. Skrubu ya chuma ikikaa ndani yake pamoja na chumvi, inayoliwa ni magnesiamu. Ni jambo lile lile mnalolijua kwenye boti: kile kipande cha zinki hufungwa kwenye mashine ili kiliwe chenyewe, mashine ibaki. Hapa bodi ya pawasoo ndiyo imegeuzwa zinki. Utaona unga mweupe kama chokaa kuzunguka skrubu na kwenye maungio. Ziba matundu yote kwa matambara, uoshe mashine nzima kwa maji matamu na sabuni, maji ya mvua ya jabiani yakiwapo, si ya kisima chenye chumvi. Ianike, kisha uchokoe kwa ncha ya msumari kila penye unga. Unga ukitoka na chini yake kuna chuma kigumu, piga brashi, paka rangi baadaye. Msumari ukizama, hali ni nyingine. Pachunguze zaidi pale zinaposhikilia zile bolti mbili za bapa na pale mpini unapofungwa. Bolti za bapa zikicheza ndani ya chuma kilichooza, nakuambia bila kuficha: usiitengeneze. Isafishe, ipake mafuta, itundike ukutani iwe kumbukumbu ya mzee. Mnyororo unaokimbia juu ya bapa lisiloshika si kitu cha kujaribia bahati.

Skrubu zilizoganda zisilazimishwe. Tia mafuta ya kupenya, gonga kichwa chake kidogo, pasha moto kwa hewa ya joto, ngoja, rudia. Usitumie moto wa wazi, maana magnesiamu ikishika moto haizimwi kwa maji.

Petroli ya 2014 utaitambua kwa harufu, inanuka kama vanishi. Imwage mbali na jiko. Bomba la mpira lililomo tankini litakuwa limekauka na kupasuka, na chujio lililo mwisho wake limeziba. Livute nje kwa waya uliopindwa, badilisha vyote viwili bila kuhesabu gharama, ni vitu vidogo. Kabureta ifunguliwe yote. Haina boya kama ya pikipiki. Inatumia ngozi nyembamba zinazopumua, ndiyo sababu pawasoo hukata hata ikilazwa ubavu. Ngozi hizo zikikauka hukakamaa na kunguruma ukizibonyeza, kama karatasi. Nunua seti nzima ya ngozi na gasketi, kumbuka zilivyopangwa (piga picha kabla hujatoa kitu), na vitundu visafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo. Usichokoe kwa waya. Ukirudisha, funga zile skrubu mbili za kurekebisha mpaka ziguse tu, kisha ufungue kila moja duru moja. Hapo itawaka, na marekebisho yatafuata.

Cheche si kazi kubwa. 070 za zamani zina platini (vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke) chini ya gurudumu la sumaku, za baadaye hazina. Kama zipo, zitakuwa na ukungu wa kijani. Sugua kwa msasa laini, futa kwa petroli safi, weka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.4. Sumaku za gurudumu na miguu ya koili zisuguliwe kutu. Plagi mpya, nafasi milimita 0.5. Ukipima cheche, plagi iguse chuma mbali na tundu lake, na petroli isiwe karibu.

Sasa nakuomba utulie hapa, kwa sababu hapa ndipo mashine nyingi za kurithi hufia. Kila mwisho wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna sili ya mpira. Ndani ya injini hii hewa na petroli hupita kwanza kwenye chumba cha kranki ndipo ziende juu, kwa hiyo chumba hicho lazima kizibwe kabisa. Sili zilizokaa miaka kumi bila oili hukauka. Mashine itawaka, mtashangilia, na baada ya muda mfupi utasikia inapanda sauti yenyewe, haitaki kutulia hata ukiachia. Watu hudhani ina nguvu. Inavuta hewa ya wizi kupitia sili, mchanganyiko umepungukiwa petroli, na oili ya kulainisha pistoni huja ndani ya petroli hiyo hiyo. Dakika chache zaidi, pistoni imechubuka.

Mimi lilinipata hili nikiwa kijana kwenye karakana ya mtu mwingine, kwa mashine ya mzee mmoja aliyekuja nayo kwa mashua. Niliiwasha, ikanguruma, nikamkabidhi. Siku ya pili akarudi nayo imeganda, na safari hiyo ilikuwa imeganda kweli. Sili mbili za bei ndogo zingeiokoa. Uso wa mzee yule bado ninao.

Basi zipime. Ziba tundu la eksozi na la kabureta kwa vipande vya mpira vilivyobanwa na bolti zake, rudisha plagi, tafuta pa kuingizia pampu ya baiskeli yenye geji, usukume hewa kidogo, nusu baa inatosha. Paka povu la sabuni kwenye sili zote mbili na kwenye maungio. Povu likifura, umeona pa kutengeneza. Na kama huna geji, badilisha sili tu bila kuuliza. Kwa mashine iliyolala hivi mimi huzibadilisha hata zikipita kipimo.

La pili lenye kuua ni oili ya kuchanganya, na kwa Lamu ni hatari ya pekee, kwa sababu kila nyumba yenye boti ina galoni ya oili ya mashine ya boti. Hiyo, yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Pawasoo hupozwa na upepo na joto lake ni kali zaidi. Usiazime kwenye boti. Tafuta oili ya kuchanganya yenye alama ya JASO FC au FD. Kwa mashine hii ya zamani tia mililita 40 kwa kila lita moja ya petroli, yaani moja kwa 25, upime kwa kipimo, si kwa kifuniko cha chupa. Oili za kisasa nzuri huruhusu mililita 20, lakini kwa injini inayoamka usingizini ningebaki na 40 na moshi wake. Changanya ya siku chache tu.

Mnyororo wa zamani utupe. Bapa linaweza kubaki kama mfereji wake haujapanuka: lisugue kutu, kingo zilizochongoka zilainishwe kwa tupa. Mnyororo wa kawaida wa 070 ni ule wa .404 (kipimo cha viungo vyake kwa inchi), na tupa yake ya mviringo ni ya milimita 5.5. Noa kila jino mapigo sawa, pembe ya digrii 30 kwa kukata gogo kwa upana, ukikusudia kupasua mbao kwa urefu shusha hadi 10. Kile kijino butu kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya jino kwa milimita 0.8 hivi. Kikiwa juu mnyororo haukati, unatoa vumbi tu. Oili ya bapa iwe safi. Oili chakavu ya gari ina chembe za chuma, na hurushwa nguoni na usoni mwako siku nzima.

Siku ya kuwasha, iweke chini penye udongo mgumu, mnyororo usiguse kitu, goti moja juu yake, mkono wa kushoto umenyooka kwenye mpini. Injini ya sentimita za ujazo 106 ina teke, kwa hiyo vuta kamba taratibu mpaka uhisi uzito, ndipo uvute moja kwa moja. Tanki za kwanza mbili tatu usiibane sana. Ukiachia na mnyororo ukaendelea kuzunguka, punguza mwendo kwa skrubu yake. Usipotii, izime urudi kwenye sili.

Kitu kimoja sitakificha. 070 nyingi hazina breki ya mnyororo. Ncha ya bapa ikigusa gogo lingine, mashine hurushwa juu kuelekea usoni, na hakuna cha kuizuia. Baba yako aliijua kwa mikono yake kwa miaka, na ujuzi huo haukuja pamoja na mashine. Kwa hiyo itumie kwa magogo yaliyokwisha kulala, kama hiyo miembe yenu, na kwa kuangusha miti mtafute mwenye mashine yenye breki. Usiikate ukiwa umevaa kikoi. Viatu vya kufunika, suruali nzito, miwani, vizibo vya masikio, na mtu mzima wa pili awe karibu. Mwembe ulioanguka una matawi yaliyojipinda chini ya uzito wa shina. Ukilikata upande uliobanwa, msumeno unashikwa. Upande uliovutwa, tawi linachomoka kama upinde. Tazama kwanza uzito umekaa wapi.

Na kabla ya kukata tawi lolote, mwite fundi wa majahazi aje Hindi na vielelezo vyake. Kwa taruma, mkunjo wa tawi ndio mali. Nimeona miembe mizuri ikakatwa vipande vilivyonyooka vya kuni kwa sababu mwenye msumeno alitangulia. Pitieni pia ofisi ya misitu mpate kibali cha kusafirisha mbao, mzigo usije ukazuiliwa njiani. Mikokoni usiingie nayo kabisa, kwani mikoko ni msitu wa serikali, na kupatikana na pawasoo humo bila kibali ni kosa.

Spea usinunue bado. Toa mnyororo, fungua kifuniko cha kamba, fungua eksozi, toa na kabureta, upige picha ya pistoni pande zote mbili na ya zile bolti za bapa kwa karibu. Nitumie hizo kwanza. Kutokana na picha hizo tatu nitakuambia kama ni kazi ya seti ya ngozi na sili mbili, au ya silinda mpya, au ya ukutani.